Maswali Yaliyosomwa Kanisani Bwera

Bwera, 9 Februari 2025

Kwako Jolly, mutoto wa dada yangu,

Kwanza ujue barua hii inatoka kwa mutu ambaye mupaka wa Mpondwe, huu wa kwenda Congo, haufunguki vizuri asubuhi kama yeye hajapita kusalimia. Si maringo. Juzi nimechelewa kidogo kwa sababu ya jino, na malori ya mbao ilijipanga mpaka kule mbali, madereva banauliza, "Afande Ezironi iko wapi leo?" Mimi nilipikia jeshi chakula zamani, cheo sikupewa, lakini hilo jina la afande imekataa kutoka.

Hapa nyumbani tuko wazima. Muke wangu Ronah anasema ulimwahidi kitenge. Mbuzi imezaa mapacha. Jino nimeling'oa mwenyewe, daktari alikuja kutazama tu, apate kujifunza.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa butike ya Aziz nanunua sukari, nikasikia ukumbi mupya wa sanaa hapo Kasese unatafuta meneja, na wewe umeomba. Nikawaambia wote waliokuwepo, huyo ni damu yangu. Kisha Aziz akasema Bright naye ameomba kiti hicho hicho. Nikairudisha sukari mezani.

Bright. Miaka minne umemufundishia kikundi chake kucheza. Ngoma ya chumvi ni wewe ulitunga, kwa kukumbuka bibi yako alivyokuwa anatembea akitoka Katwe na muzigo wa chumvi kichwani, hata pale anaposimama kidogo kubadilisha shingo. Akaipeleka Kampala, akapanda jukwaani na suti, akasema ni yake. Na ulipomuuliza, alikujibu nini? Niandikie kwa mukono wako, maana mama yako akianza kueleza analia na sipati mwisho wa habari.

Mimi pia nina deni yangu naye. Siku ile ile ya Kampala aliniweka kulinda viatu vya wachezaji. Mimi. Watu wanasema nililala. Sikulala, nilikuwa nafikiri.

Kwa hiyo nimekata shauri tumuangushe. Nina njia nyingi. Naweza kupaka ngozi za ngoma zake mafuta zilegee siku ya onyesho. Naweza kumushitaki kwa avoka, mwanasheria mumoja wa ng'ambo kule Kasindi ambaye ananiogopa. Wewe sema tu unataka aumie wapi.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Anayeuza vocha hapa ni shemeji yake Bright, na masikio yake ni marefu. Barua nampa Ashiraf, dereva wa teksi, atakuwekea pale steji ya Kasese.

Mimi mujomba wako, Muzee wa Mupaka,
Ezironi Kathembo


Kasese, 24 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na mafuta ya samaki. Ashiraf aliisahau chini ya kiti. Mimi ni mzima. Mama amerudi Munkunyu kupalilia pamba na anawasalimu. Kitenge cha Mama Ronah nimekinunua, kitakuja.

Umeuliza Bright alinijibu nini. Alinijibu mbele ya wachezaji wote, nikiwa bado nimevaa njuga miguuni. Alisema, "Wewe Jolly ni mwalimu wa kurusha miguu. Mambo ya uongozi waachie wenye vichwa." Wakacheka wawili watatu. Nilivua njuga moja baada ya nyingine, nikaziweka sakafuni, nikaondoka. Ndiyo maana naacha kufundisha ngoma. Wengine nawaambia nimechoka magoti, ila wewe nakuambia ukweli: nataka kiti ambacho Bright atalazimika kusimama mbele yake na kofia mkononi.

Lakini siyo kwa mafuta kwenye ngoma, Mjomba. Kamati ya ukumbi imempa kila mwombaji kazi moja: afanye utafiti wake mwenyewe, aulize kwa nini vikundi vya ngoma vya wilaya hii vinakufa vikiwa vichanga, kisha alete majibu mwezi wa sita pamoja na sauti za waliojibu. Mwenye utafiti bora ndiye meneja. Nikishindwa nitarudi kufundisha watoto wa harusi kunyanyua mabega, na ukumbi utakuwa wa Bright.

Mwenyekiti ni Mama Kyarikunda. Nilimpelekea mpango wangu wa kwanza. Swali la kwanza lilikuwa, "Bright alikuibia nini?" Akalikata kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Binti, hili siyo swali, hili ni kofi. Ukiuliza hivi utapata tu unachotaka kusikia, na Bright atakucheka." Nilikasirika siku mbili. Kisha nikaona yuko sahihi. Nataka aanguke kwa mambo ya kweli, asipate hata mahali pa kushika.

Kwa hiyo nimepanga upya. Nitauliza wanaocheza, wapigaji, waliotoka, na wanaokodi vikundi kwa harusi. Kila mtu peke yake, maswali yale yale, ruhusa kwanza, na simpi mtu jibu mdomoni. Na Mama Kyarikunda anasema lazima nimuulize Bright mwenyewe. Hilo bado sijalimeza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya maswali manne. Mpelekee Kahambu, yule mchezaji aliyetoka kwa Bright mwaka juzi. Ayasome kwa utulivu, mimi nitakuja kumuuliza. Wewe usiulize chochote. Mpelekee tu, mkononi mwake.

Mpwa wako,
Jolly


Bwera, 17 Machi 2025

Mupwa wangu Jolly,

Salamu nyingi kuliko majani ya kahawa. Pacha mumoja wa mbuzi amekufa, mwingine anakula hata kamba. Ronah anauliza kama kitenge iko na njano. Nimechelewa kujibu kwa sababu mto ulifurika na nilikuwa navusha watu mugongoni, mutu mumoja alikuwa mukatoliki munene sana, padri nafikiri.

Utafiti wako nimeumaliza.

Nilisoma karatasi yako nikasema, huyu mutoto anajitesa. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa nini, wakati Jumapili Bwera nzima beko ndani ya paa moja? Hapa kwetu jambo likiwa la maana linasomwa kanisani baada ya mahubiri. Ng'ombe ikipotea inasomwa. Ndoa inasomwa. Basi nilingoja katibu amalize matangazo yake, nikapanda mbele, nikasoma yako.

Nimesoma kwa sauti ile ya kuita kikosi kwa chakula. La kwanza: uliingiaje kwenye kikundi. Watu bakageuka kutazamana. La pili: nani alikufundisha, na jina lake linatajwa mukionyesha? Fred, yule anayepiga endara, marimba yetu ya magogo, akacheka peke yake kule nyuma. La tatu: kama uliondoka, nani au nini kilikuondoa? Hapo wale mabinti wa mutoni waliowahi kucheza kwa Bright bakainama kutazama miguu yao. La nne nililisoma mara mbili, maana lilinipendeza: kama ungemwambia meneja wako jambo moja bila kuogopa, ungemwambia nini?

Kahambu akasimama. Nikafikiri anajibu. Akachukua mutoto wake akatoka nje.

Nikawaambia wote, "Haya ni maswali ya Jolly wa Kasese, binti wa marehemu Odoch aliyefanya kazi migodini, na majibu muniletee mimi." Kisha nikabandika karatasi kwenye mulango wa kanisa ili hata walevi bapate. Mama yake Bright, huyo Rusi, alisimama pale mulangoni muda murefu na simu yake. Nadhani aibu ilimshika, alikuwa anaipiga picha karatasi ili akalilie nyumbani.

Bado hakuna aliyeleta jibu, lakini banajipanga.

Mukuu wa Utafiti, tawi la Bwera,
Ezironi Kathembo


Kasese, 23 Machi 2025

Mjomba,

Sina salamu.

Picha ya Rusi ilimfikia Bright siku ile ile. Maswali yangu yote manne ameyachapisha kwenye karatasi nzito yenye jina lake juu, na amekwisha kuipa kamati mpango wake. Nikipeleka yangu sasa, mimi ndiye nitaonekana mwizi. Miezi miwili ya kukatwa na kalamu nyekundu, umemkabidhi mtu yule kwa dakika chache za kusikia sauti yako.

Kitenge nimempa mtu mwingine. Usiniandikie.

Jolly


Bwera, 4 Mei 2025

Jolly,

Najua umesema nisiandike. Siandiki, natoa ripoti tu.

Ronah hanipikii. Anasema chakula iko mahali kitenge iko. Nimepungua mpaka suruali inazunguka.

Bright ameingia Bwera na gari, na maswali yako mukononi, anajiita mutafiti. Tumempokea tunavyojua. Alitaka kwanza kikundi kipige kidogo pale uwanjani, watu bakusanyike. Endara inalazwa juu ya migomba mibichi miwili, wewe unajua, bila hiyo ni kuni tu. Nikapita nyumba zote kabla yake. Hakuna shamba lililotoa mugomba. Walimuambia migomba iko na ugonjwa. Alisimama katikati ya migomba yenye afya kama askari, anaambiwa ni migonjwa. Nilikula hiyo furaha badala ya chakula cha Ronah.

Lakini ngoja, tamu bado.

Akaenda kwa Kahambu. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko lake kwa kazi ya upelelezi. Kahambu alikuwa anamenya muhogo, hakunyanyuka. Bright akafungua simu, akasoma maswali yako kwa upole kama muhubiri. La kwanza, la pili, Kahambu anajibu fupi fupi. Akafika la nne.

"Kama ungemwambia meneja wako jambo moja bila kuogopa, ungemwambia nini?"

"Meneja wangu gani?"

"Imeandikwa hivyo tu. Jibu."

"Si ni wewe?"

"Ilikuwa mimi, ndiyo. Jibu tu, Kahambu, jua linawaka."

"Hiyo simu inarekodi?"

"Inarekodi. Kamati wanataka sauti."

"Basi isogeze karibu."

Akaisogeza, Jolly. Kwa mukono wake mwenyewe. Na Kahambu akasema taratibu, kisu kikiendelea, siku aliyomwambia kwamba ana mimba, na Bright akamvua vazi la kuchezea mbele ya watu akampa mwingine, akasema tumbo halilipiwi. Akasema malipo ya onyesho la Fort Portal ambayo wachezaji hawakuyaona. Akasema ngoma ya chumvi ni ya nani. Bright akasema, "Inatosha." Kahambu akasema, "Umeniuliza, mimi sijamaliza."

Kwa Fred ilikuwa hivyo hivyo. Kwa wale mabinti wa mutoni, hivyo hivyo. Kila mulango anaofika anauliza mwenyewe nani aliyekuondoa, na kila mulango unamjibu: ni wewe. Hawezi kuacha kuuliza, ameshaipa kamati karatasi. Nilimuona amekaa kwenye gari, kioo kimefungwa, anakunywa maji.

Nimekuandikia hii upate kulala vizuri. Jibu si lazima. Lakini ukijibu, mweleze Ronah kitu.

Ezironi


Kasese, 22 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, pamba imefungua vizuri. Mwambie Mama Ronah nilisema uongo, kitenge sikumpa mtu. Kinakuja na Ashiraf, kina njano.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na kazi. Baada ya lile la kanisani nilikwenda kwa Mama Kyarikunda nikamweleza yote. Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema, "Mwache ayatumie. Wewe panga mengine." Nikaanza upya. Niliacha kuuliza nani mbaya. Niliwauliza watu wa Munkunyu na Karusandara kikundi chao kingehitaji nini ili kiwe hai mwaka kesho. Wengi walikuja wenyewe, habari ya kanisani iliwafikia. Walikuwa wanasubiri tu mtu awaulize.

Na Bright nilimuuliza. Nilikwenda ofisini kwake mwezi wa tano, nikakaa kwenye kile kiti cha wageni, nikaomba ruhusa ya kurekodi. Alikubali akitabasamu. Nikamuuliza, "Ngoma ya chumvi ulifundishwa na nani?" Akatazama dirisha. Sikumsaidia, Mjomba. Miaka yote nimewafundisha watu kwamba kunyamaza pia ni sehemu ya ngoma, na siku ile nilinyamaza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kwenye utafiti wangu nikaandika: hakujibu.

Siku ya kamati Bright alitusikilizisha vipande vya sauti alizorekodi, mwanzo tu wa kila mmoja. Mama Kyarikunda akasema, "Huyu Kahambu tumsikie mpaka mwisho." Tukamsikia mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nilimtazama Bright usoni muda wote, na sikuona huruma yoyote ndani yangu, niliitafuta, haikuwepo hata kidogo.

Wamenipa kazi. Jumatatu Bright alikuja kuomba tarehe ya onyesho la ufunguzi. Kofia ilikuwa mkononi. Nimempa tarehe, kikundi chake kitacheza ngoma ya chumvi, na kabla hawajaingia yeye mwenyewe atasimama kwenye kipaza sauti aseme imetungwa na Jolly Odoch. Nimemwambia asipotaka, wapo wengine wa kucheza. Ametaka.

Kuna jambo moja tu limebaki na linanikwaruza. Alipoona amezama, Bright alisema, "Siyo wote Bwera wananichukia," akafungulia sauti moja. Ilikuwa imeharibika kwa upepo, haikutambulika ni ya nani, mtu mzima wa kiume. Alimsifu Bright mpaka kamati wakaangaliana. Alisema Bright ni kama Musa. Alisema vijana wa siku hizi hawana shukrani, akiwemo mwalimu fulani wa Kasese. Kidogo iniponze.

Nataka jina la huyo mtu. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele siku ya ufunguzi, karibu na Mama Kyarikunda. Yeye, akija, nitamwonyesha mlango mbele ya watu wote. Wewe unajua kila mtu Bwera. Nitafutie.

Mpwa wako,
Jolly


Bwera, 30 Juni 2025

Meneja wangu Jolly,

Nilisoma barua yako kwa sauti butike ya Aziz, watu bakapiga makofi, mumoja akanunua soda kwa wote. Ronah amevaa kitenge tangu Jumatano hataki kukivua, na jana nimekula nyama.

Sasa unaona nilichofanya. Ule ulikuwa mutego, Jolly. Mutu gani asiyekuwa na akili ya jeshi angefikiria kusoma maswali kanisani ili adui ayaibe ajichome nayo? Nilikuficha ili usitetemeke. Wewe ulikasirika, mimi nikavumilia njaa. Watu hapa tayari banasema mukuu wa ukumbi ni mimi, wewe unanisaidia kushika funguo. Sikuwakatalia.

Kuhusu huyo musaliti, nimefanya uchunguzi mukali. Nimemshuku shemeji yake anayeuza vocha, lakini yeye anaongea puani, ungemtambua. Nimemshuku Fred, halafu nikakumbuka alimkoholea Bright usoni. Nimemshuku Aziz, tukagombana, amekataa kunikopesha sabuni. Nimefikiria hata mutu kutoka ng'ambo, maana kule beko watu bananunulika kwa chupa. Nilitaka kukuandikia kwamba mutu huyo amehamia Beni na hatarudi.

Nimeandika hiyo ya Beni nikaifuta. Utaona karatasi imetoboka hapo juu.

Bright alikuja kwangu. Ilikuwa saa kumi, Ronah amekwenda kuchota maji. Nilikuwa na panga mukononi na maneno yangu tayari, yale ya viatu. Akasema, "Muzee Ezironi, utafiti wa Bwera hauwezi kuisha bila sauti yako." Akaweka simu juu ya goti langu. Akaniuliza niliingiaje kwenye mambo ya sanaa. Halafu akanyamaza, ananitazama, anangoja.

Jolly, mimi nimeongea tangu nizaliwe. Pale mupakani naongea na wanapita. Hapa nyumbani naongea na Ronah anafagia. Hakuna mutu aliwahi kuniuliza jambo halafu akangoja nimalize. Nikamwambia nilianzisha endara katika wilaya hii. Akasema, "Endelea." Sasa mutu anakuambia endelea, utamtukana vipi? Habari ya Musa ilitoka yenyewe. Ile ya mwalimu wa Kasese pia. Alitaka kuzima simu, ni mimi niliyemwambia bado, iko na mengine.

Kile kiti cha mbele mupe Kahambu. Mimi nitasimama nje pamoja na viatu, kama mulangoni kwako bado kuna nafasi ya mutu wa kulinda.

Na jogoo wa Ronah, yule ambaye nilimwambia ameliwa na kicheche, nilimfunga miguu nikamweka mwenyewe kwenye gari la Bright.

Ezironi